Barua Hukaa kwa Aliyeipokea: Kumbukumbu za Pwani Yetu Zilizo Ng'ambo na Zilizo Masandukuni

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 9 Juni ya kila mwaka taasisi za nyaraka duniani huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, kukumbuka kuundwa kwa Baraza la Kimataifa la Nyaraka mwaka 1948. Katika maonesho ya siku hiyo wananchi hupata nafasi ya kuona mikataba, ramani, magazeti ya serikali na picha za viongozi. Ipo aina moja ya waraka ambayo mara nyingi haipati nafasi mezani, nayo ni barua ya kawaida: barua ya mfanyabiashara anayeuliza bei, ya kijana anayemwandikia mama yake, ya mdai anayemkumbusha mdaiwa wake. Makala haya yanaeleza barua za namna hiyo zinazohusu pwani yetu na bara yake, mahali zilipo leo, sababu ya kuwa huko, na kwa nini sehemu ya mazungumzo hayo huenda ingali ndani ya nyumba zetu.

Tuanze na mfano ulio mbali. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kaskazini mwa Boston, upo mji mdogo wa bandari uitwao Salem. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa na uhusiano wa karibu mno na Unguja. Kumbukumbu za wakati huo zinaonesha kuwa kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za kigeni 41 zilitia nanga Unguja, na 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani. 20 zilitoka Salem peke yake. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, mjini Muscat. Mkataba huo uliweka ushuru wa bidhaa za Wamarekani kuwa asilimia 5 na kuwaruhusu kuweka balozi mdogo katika himaya ya Sayyid. Balozi mdogo wa kwanza, Richard Palmer Waters, mfanyabiashara wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Uingereza ilifunga mkataba wake mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844, yaani baada ya Wamarekani.

Meli za Salem zilileta kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, ambacho pwani ilikipa jina la kwao na kukiita merikani. Zilirudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini katika mrima na kutumiwa ng'ambo kutengenezea vanishi ya samani. Biashara hiyo yote iliendeshwa kwa barua. Mwenye mali alikaa Salem, wakala wake alikaa Unguja, na kati yao ilikuwepo bahari ya safari ya miezi mitatu na zaidi. Wakala alipaswa kueleza kila kitu: meli gani imeingia, nani ameshusha shehena kiasi gani, frasila ya pembe imepanda au imeshuka, sandarusi ya safari hii ni safi au imejaa mchanga, kitambaa cha upana gani kinatakiwa na kipi kimekosa mnunuzi.

Barua hizo hazikutupwa. Familia za wafanyabiashara wa Salem ziliziweka, wajukuu wakazikabidhi kwa jumuiya za historia za mji wao, na leo zimo katika mkusanyo wa miswada wa Maktaba ya Phillips, ambayo ni maktaba ya Makumbusho ya Peabody Essex. Humo zimo karatasi za Waters, za Michael Shepard na za familia ya Ropes, pamoja na vitabu vya safari za meli na madaftari ya hesabu. Mwaka 1965 wanahistoria Norman Bennett na George Brooks walichapisha kitabu kikubwa cha barua na shajara za wafanyabiashara hao katika bara la Afrika kwa miaka ya 1802 hadi 1865, na baadaye Bennett alichapisha barua za Edward Ropes mdogo, aliyekuwa wakala Unguja katika miaka ya 1880. Mwaka 2018 maktaba hiyo ilifunguliwa upya katika mji jirani wa Rowley, baada ya mkusanyo kuhamishwa kutoka Salem. Wakazi wengi wa Salem walipinga uhamisho huo hadharani, wakisema karatasi za mji wao zisiondoke mjini. Msomaji wa Unguja anayelisikia jambo hilo ana haki ya kutabasamu kidogo, kwa kuwa karatasi hizo zinaihusu Unguja karibu sawa na zinavyoihusu Salem, naye hajawahi kuulizwa.

Thamani ya barua za biashara iko katika jambo ambalo waandishi wake hawakulikusudia. Anayeandika kitabu cha kumbukumbu za maisha yake huchagua nini kionekane na nini kifichwe. Wakala anayemwandikia tajiri wake hana nafasi hiyo. Akikosea bei, tajiri anapata hasara na yeye anapoteza kazi. Kwa hiyo anataja jina la mwenye forodha, anataja deni la Mhindi fulani na ahadi ya Mwarabu fulani, anataja mvua, anataja ugonjwa uliochelewesha misafara. Kutokana na barua hizo tunamfahamu vizuri Jairam Shivji, mfanyabiashara wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, aliyekodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha kutoka kwa Sayyid Said. Waters alifanya naye biashara kwa ukaribu kiasi kwamba wafanyabiashara wengine, wakiwemo Wamarekani wenzake, walilalamika kuwa wawili hao wamefunga njia. Malalamiko hayo yamo katika barua, na majibu yake pia yamo katika barua. Mwanahistoria anayataka yote mawili.

Zipo pia barua za nyumbani. Vijana wa Salem waliokaa Unguja waliwaandikia wazazi na ndugu juu ya joto, homa, chakula na upweke, na juu ya kungoja meli. Maneno hayo hayana bei ndani yake, lakini yanatuonesha mji ulivyokuwa machoni pa mgeni siku ambazo hakuwa na biashara ya kufanya.

Lakini barua hizo zina kimya chao, na msomaji anapaswa kukisikia. Waters alikuwa mtu wa dini na mpinzani wa utumwa. Maandishi yake yanaonesha kuwa uuzaji wa watu aliouona Unguja ulimsumbua. Hata hivyo pembe alizonunua zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao wakiwa watumwa, na karafuu alizosafirisha zilichumwa katika mashamba ya watumwa. Ndani ya hesabu za biashara watu hao wanatoweka. Inabaki frasila, ambayo ni takriban kilo 16, na bei yake kwa reale. Aliyebeba frasila hiyo kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo hakuandika barua kwa Salem, wala hakuandikiwa.

Hapo ndipo tunapofikia kanuni ambayo kila mtafiti wa nyaraka huijua, ingawa haijazoeleka kusemwa nje ya chumba cha kusomea. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Anayeandika huachana nayo pindi anapoitia lakiri. Anayepokea ndiye mwenye karatasi. Maana yake ni hii: ukitaka kujua wazee wetu waliandika nini, nenda kwa waliowaandikia, na ukitaka kujua walioandikiwa nini, tafuta nyumbani kwao.

Barua za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana hadi leo zinathibitisha kanuni hiyo. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, katika mazingira ya siasa nzito. Waomani walikuwa wamewatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na nguvu yao ilikuwa ikishuka kuelekea kusini. Ukoo wa utawala wa Kilwa, ulioongozwa wakati huo na mwanamke, Malkia Fatima binti Muhammad, uliandikiana na Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Wareno walipeleka karatasi hizo Goa, pwani ya magharibi ya India, ambako ndiko kulikuwa na makao makuu ya utawala wao wa mashariki. Zingali huko hadi leo, katika Nyaraka za Kihistoria za Goa. Kilwa iliandika, Goa ikatunza. Laiti Wareno wangekuwa watu wa kuchoma karatasi, tusingekuwa na ushahidi huo wa Kiswahili kilichotumika katika mambo ya dola zaidi ya miaka 300 iliyopita, tena kikitumiwa na mwanamke mwenye mamlaka.

Bara nako hali ni hiyo hiyo. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, hakuwa mtu wa kalamu, lakini alijua nguvu ya barua na alikuwa na watu wa kumwandikia. Aliwasiliana na John Kirk, balozi wa Uingereza mjini Unguja, kuhusu njia za biashara na kuhusu lawama alizotupiwa. Kwa upande mwingine, Daktari Southon wa London Missionary Society, aliyekaa Urambo kuanzia 1879 hadi alipofariki mwaka 1882, aliwaandikia wakubwa wake London habari za mtemi huyo na nchi yake. Barua za wamisionari wa chama hicho sasa zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, ambayo pia inahifadhi karatasi za William Mackinnon, tajiri wa meli aliyeanzisha kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtafiti wa historia ya Tabora hulazimika kusoma Unguja na London kabla hajafika Urambo.

Mfano wa tatu unafahamika na walimu wengi wa historia. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alimwandikia kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann, aliyemtaka afike pwani kujisalimisha. Machemba alijibu kwa Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii mtu huyo. Urafiki anaukubali, utumwa wa mtu mwingine haukubali. Mara nyingi barua hiyo hutajwa kwa ushujaa wake. Iko sababu nyingine ya kuitaja: mwandishi alikuwa Myao, mpokeaji Mjerumani, na lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kiswahili, kabla utawala wa kikoloni haujajenga shule zake katika eneo hilo. Tunayo habari hiyo kwa sababu Wajerumani walizitunza karatasi walizopokea, hata zile zilizowakatalia.

Barua za Kiswahili za wakati huo zilikuwa na adabu yake, na mtu aliyekua katika miaka ya stempu na bahasha ataitambua mara moja. Mwandishi alianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa sifa na heshima kulingana na umri na cheo, akamwombea kwa Mungu afya na baraka, akasalimia, ndipo akaweka neno la Kiarabu la kugeuza maneno, wabaadu, na kuingia katika shauri lenyewe. Mwisho akatuma salamu kwa kila aliyepo upande wa pili na kutoa salamu za waliopo upande wake, kisha tarehe kwa mwaka wa Hijria. Ile "baada ya salamu" tuliyofundishwa kuandika shuleni ni mtoto wa wabaadu. Mwaka 1892 mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, C. G. Büttner, alichapisha kitabu cha maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo barua nyingi, kwa ajili ya kuwafundisha Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja huku. Kusudi lake lilikuwa la utawala. Lakini kwetu sisi leo kitabu hicho kimekuwa hazina ya namna watu wa pwani walivyodaiana, walivyokopeshana na walivyoulizana habari za ndugu.

Kuzisoma barua hizo si kazi nyepesi, na wananchi wanaouliza kwa nini nyaraka za kale huchukua muda kutolewa wanastahili kuelezwa. Herufi za Kiarabu hazikutengenezwa kwa sauti za Kiswahili. Hazina p, v wala ch. Irabu e na i hupewa alama moja, na o na u vivyo hivyo. Na waandishi wengi wa zamani waliacha kuandika m au n inayotangulia konsonanti nyingine. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa b, t na alama za a linaweza kuwa bata, pata au mbata. Katika barua ya mfanyabiashara wa pwani anayezungumzia shehena, yote matatu yanawezekana kabisa, na msomaji hana budi kuijua biashara ndipo aijue sentensi. Tarehe nayo hugeuzwa kwa hesabu: mwaka wa 1123 wa Hijria ulianza Februari 1711, na kosa dogo hapo huhamisha tukio zima.

Ziko hali zinazovunja kanuni ya mpokeaji. Wafanyabiashara wenye mpango waliweka nakala za barua walizotuma. Wengine walinakili kwa mkono katika daftari. Wengine walitumia mashine ya kubana, iliyopewa hataza mwaka 1780 kwa jina la James Watt, ambapo karatasi nyembamba iliyoloweshwa hubanwa juu ya barua mpya na kunyonya sehemu ya wino wake. Aidha, kwa kuwa meli iliweza kuzama, barua moja ilipelekwa kwa meli mbili tofauti, na wakati mwingine nakala zote mbili zilifika. Zipo pia barua zisizotumwa. Bibi Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, aliacha maandishi ya Kijerumani yaliyotungwa kwa mtindo wa kumwandikia rafiki aliyebaki nyumbani, akieleza miaka yake ya uchungu ugenini. Yalichapishwa muda mrefu baada ya kifo chake. Mkusanyo wa familia yake uko Leiden, Uholanzi.

Zama za barua ndefu za biashara zilipungua kwa hatua zinazoweza kutajwa kwa miaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi ya merikani. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 meli za British India zilianza kuleta posta Unguja kila mwezi, na mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ukapitishwa chini ya bahari kutoka Aden. Tangu hapo bei ilisafiri kwa saa badala ya miezi, kwa maneno machache yanayolipiwa moja moja. Wakala hakuwa tena na sababu ya kujaza kurasa nne akieleza kwa nini hakununua.

Tumesema barua zilizotoka kwetu ziko kwa wengine. Je, zilizokuja kwetu ziko wapi? Sehemu yake imetunzwa vizuri. Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizopo Kilimani, zina kumbukumbu za ofisi ya ubalozi wa Uingereza tangu katikati ya karne ya 19, pamoja na mawasiliano ya masultani. Mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Tanzania Bara, nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizo chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zilitangulia kuingizwa katika orodha hiyo mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada mingi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iliyokusanywa kutoka kwa familia za pwani, ambayo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mingi ni tenzi.

Sehemu kubwa ya makusanyo hayo ilizalishwa na ofisi, na ofisi ina masijala na makabati, na mtumishi anayelipwa ili asipoteze faili. Barua iliyopokelewa na mfanyabiashara wa Bagamoyo, mwenye jahazi wa Kilwa, mwenye duka wa Ujiji au mkulima aliyempeleka mwanawe kusoma haikuwa na ulinzi huo. Iliwekwa katika sanduku la bati au mkoba uliotundikwa ukutani, na ikaishi kadiri nyumba ilivyoishi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuhudhuria arobaini ya mzee mmoja katika mji wa pwani. Siku ya kugawa vitu vyake, nguo, saa na msahafu vilipata warithi upesi. Sanduku la karatasi halikuwa na mwombaji. Wajukuu hawakuweza kuzisoma, kwa kuwa nyingi zilikuwa za herufi za Kiarabu, na jirani mmoja akashauri zichomwe kwa heshima kwa sababu huenda zina jina la Mungu. Kila barua ya kale ya pwani ina jina la Mungu kichwani mwake. Zilichomwa zote, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Utaratibu wa kuokoa karatasi za namna hiyo upo kisheria. Nchi yetu imekuwa na sheria ya nyaraka tangu 1965, na iliyopo sasa ni Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, inayosimamiwa na Idara iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Ingawa kazi yake kubwa ni kumbukumbu za taasisi za umma, Idara hupokea pia karatasi za watu binafsi zenye umuhimu wa kihistoria. Vilevile Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa Na. 18 ya mwaka 2004 inahusu ukusanyaji na utunzaji wa kumbukumbu za Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Barua ambazo viongozi hao waliwaandikia wananchi, marafiki na wanachama wenzao zimo mikononi mwa waliozipokea, au mwa watoto wao. Kanuni ni ile ile.

Hofu inayosikika mara kwa mara kutoka kwa familia ni siri. Barua ya babu inaweza kutaja deni ambalo halikulipwa, talaka, mtoto asiyetambuliwa au ugomvi wa shamba ambao haujesha hadi leo. Hofu hiyo ni halali. Katika utaratibu wa kawaida wa kupokea karatasi za watu binafsi, mtoaji hukubaliana na taasisi juu ya masharti: lini zifunguliwe kwa watafiti, zipi zisisomwe hadi miaka fulani ipite, na kama familia itabaki na haki ya kuziangalia. Makubaliano hayo yawekwe kwa maandishi siku ya kukabidhi, mbele ya mwanafamilia zaidi ya mmoja. Kwa wasiotaka kuzitoa kabisa, kupiga picha ni hatua nzuri, mradi ipigwe kurasa zote, pande zote mbili, na kwa mpangilio uliokutwa.

Neno mpangilio linahitaji msisitizo, kwa sababu ndipo wema wetu unapoleta hasara. Mtu mwenye nia njema akifungua mkoba wa barua huzipanga upya: nzuri juu, zilizochakaa chini, za Kiarabu mbali na za Kizungu. Mtunza nyaraka anataka kinyume chake. Barua tatu zilizofungwa kwa uzi mmoja zilifungwa na mtu aliyejua kwa nini zinakwenda pamoja. Ukikata uzi na kuzitawanya, sababu hiyo imepotea na hakuna anayeweza kuirudisha.

Karatasi yenyewe ina maadui wanaojulikana. Mchwa na unyevu wa pwani ndio wa kwanza. Wino mweusi wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti una asidi, na baada ya miaka mingi hula karatasi hadi maneno yanadondoka yakiacha matundu yenye umbo lake. Wino wa dharura hufifia. Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Manyema katika Kongo ya leo bila karatasi wala wino wa kutosha, aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa rangi aliyoikamua kutoka kwenye mbegu za huko. Ilifikia kutosomeka kabisa, na ilibidi wataalamu waipige picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na barua yake ya Februari mwaka huo, ndipo maneno yakaonekana tena kuanzia mwaka 2010. Gharama ya namna hiyo haiwezi kutumika kwa kila sanduku la bati.

Kinachowezekana nyumbani ni kidogo na cha bei nafuu. Gundi ya utepe isitumike kuunga karatasi iliyochanika, maana huacha doa la kahawia na kuivuta karatasi. Kutia barua ndani ya plastiki kwa moto, kama vyeti vinavyofanywa, huiua, hairudi tena. Pini na vibanio vya chuma viondolewe taratibu kwa sababu ya kutu. Karatasi iliyokunjwa miaka 80 isinyooshwe kwa nguvu, na iliyolowa isipigwe pasi wala kuanikwa juani. Ikae mahali pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, ndani ya bahasha ya karatasi safi, na aliye mzee kuliko wote nyumbani aulizwe mapema majina yaliyomo, yaandikwe pembeni katika karatasi nyingine kwa penseli. Bahasha ya zamani nayo isitupwe ili kubaki na stempu tu, kama watoto wanavyopenda kufanya. Juu yake pana muhuri wa posta wenye jina la mji na siku, na kwa barua ambayo mwandishi wake alisahau kutia tarehe, huo ndio utakaotegemewa.